Maji baridi ya Mwanza na maji baridi ya watafiti

Kwa miaka michache sasa vijana wa Mwanza wamekuwa wakitumiana video za watu waliokaa hadi shingoni ndani ya mapipa ya barafu, wengi wao wakifuata mafundisho ya Mholanzi Wim Hof, na kutokana nazo limezuka swali ambalo bibi zetu wasingeona haja ya kuliuliza: kuoga maji baridi ni dawa au ni hatari? Wanaotetea husema kwamba huimarisha kinga ya mwili, hupunguza msongo wa mawazo na kumwamsha mtu kuliko kikombe cha kahawa. Wanaopinga, ambao aghalabu ni wazazi, husema kwamba huleta kichomi na kupandisha presha. Kila upande una hoja yake, lakini zote mbili huruka swali linalopaswa kutangulia, nalo ni kwamba maji hayo ni ya baridi kiasi gani.

Julai iliyopita nilitumbukiza kipimajoto katika ndoo niliyoikinga saa kumi na moja na nusu alfajiri kutoka kwenye simtanki lililoko juu ya paa la nyumba yangu. Kilisoma nyuzi 22. Saa tisa alasiri ya siku ileile, bomba lilelile lilitoa maji ya nyuzi 28, ambayo sidhani kama mtu yeyote angeyaita baridi isipokuwa kwa sababu hayakupita jikoni. Kipimo cha ndoo moja si utafiti, lakini hakishangazi: maji yetu hutoka ziwani, na uso wa Ziwa Victoria huwa na joto la nyuzi ishirini na kitu mwaka mzima.

Sasa tutazame maji ya watafiti. Ushahidi unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2016 nchini Uholanzi. Watu 3,018 wenye umri wa miaka 18 hadi 65, wasio na maradhi makubwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi waliendelea kuoga walivyozoea, na wengine wakamalizia maji yao ya moto kwa sekunde 30, 60 au 90 za maji baridi, kila siku kwa siku 30. Maji hayo yalikuwa ya nyuzi 10 hadi 12. Waliomalizia kwa baridi walipunguza kukosekana kazini kwa sababu ya ugonjwa kwa asilimia 29, na sekunde 30 zilifaa sawa na 90. Hiyo ndiyo sehemu inayosambazwa. Isiyosambazwa ni kwamba siku walizosema wameugua hazikupungua. Waliugua kama wenzao, ila walijikaza wakaenda kazini. Tena kila mmoja alijua yuko kundi gani, kwa kuwa huwezi kumficha mtu kwamba amemwagiwa maji ya nyuzi 10. Anayesema kwamba utafiti huu unathibitisha kinga kuimarika ameusoma nusu. Hata mapitio ya mwaka 2025 kutoka Australia, yaliyokusanya tafiti 11 na kuona msongo ukipungua saa 12 baada ya mtu kuingia kwenye maji baridi, yalikuwa na washiriki 3,177 kwa jumla, na ukiwatoa wale wa Uholanzi unabaki na watu 159 waliogawanyika katika tafiti kumi.

Kwamba tofauti ya nyuzi chache ni kubwa mwilini, hilo lilionekana wazi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, ambamo vijana wa kiume walikaa saa nzima ndani ya maji, vichwa vikiwa nje. Katika maji ya nyuzi 14, kiwango cha noradrenalini katika damu kilipanda kwa asilimia 530 na dopamini kwa asilimia 250, zote mbili zikiwa kemikali za mwili zinazomchangamsha mtu, na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu vikaongezeka. Katika maji ya nyuzi 20, mapigo na shinikizo vilishuka, kama vilivyoshuka katika maji ya nyuzi 32. Kwa maneno mengine, ule mchangamko unaosifiwa na ile presha inayoogopwa vyote hutoka mahali pamoja, na mahali hapo pako chini sana ya ndoo yangu ya alfajiri. Huwezi kuchukua faida ya maji ya nyuzi 14 ukaacha hatari yake, wala hupati haki ya kuitangaza faida hiyo kwa maji ya nyuzi 22.

Hii haina maana kwamba ndoo ya alfajiri haina athari yoyote. Maji yakiwa chini ya nyuzi 25 hivi, ngozi ikipoa ghafla, mtu huanza kushtuka: huvuta pumzi kwa nguvu bila kukusudia, huhema harakaharaka, moyo hudunda na mishipa ya ngozi husinyaa. Mshtuko huo hufikia kilele katika maji ya nyuzi 10 hadi 15, na makali yake hupungua ndani ya dakika chache. Kila aliyewahi kujimwagia kata ya kwanza mgongoni mwezi Julai anaijua ile pumzi inayokatika. Kwa mtu mzima mwenye afya ni jambo la kupita, na mwili huzoea baada ya siku kadhaa. Mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo ana sababu ya kuanza na miguu na mikono, au kuyatia maji yake uvuguvugu.

Kuhusu kichomi, wazazi wamekosea chanzo lakini hawakukosea tahadhari yote. Nimonia huletwa na vimelea, si na maji ya kuogea. Hata hivyo mtoto mchanga hupoteza joto upesi mno, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri asioshwe kabla ya kutimiza saa 24 tangu azaliwe, na mtoto mwenye homa akimwagiwa maji ya baridi hutetemeka, na kutetemeka kwenyewe huzalisha joto. Baadhi ya wenye pumu nao hubanwa na kifua wanapopatwa na baridi ya ghafla.

Lakini kundi ambalo mjadala huu unalisahau kabisa, na ambalo kwetu si dogo, ni wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana vya maumivu ya ugonjwa huo, kwani mishipa ikisinyaa, chembe za damu zilizopinda kama mundu hukwama na kuzuia damu kupita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima sampuli za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa Kanda ya Ziwa katika Hospitali ya Bugando, ulikuta asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe, na mmoja kati ya watano amerithi jeni ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu. Kwa mgonjwa wa selimundu, maji ya nyuzi 22 kwenye upepo wa alfajiri si mazoezi ya ujasiri.

Wapo pia wanaoona kwamba, ikiwa bomba halina baridi ya kutosha, waende ziwani au wanunue barafu. Ziwani baridi haizidi ya bombani, na kuna kichocho: vimelea vinavyotoka kwa konokono wa ufukweni hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu mtu akiwa majini. Maji ya bomba yaliyotibiwa kwenye mtambo wa Capripoint hayana shida hiyo, na hata ya ziwani yakikaa kwenye pipa siku mbili bila konokono, vimelea hivyo hufa. Na barafu? Nimemwona kijana akipakia vipande vya barafu ya wachuuzi wa samaki kwenye bodaboda, akielekea jimu, maji yakimchuruzika suruali. Huyo ameyafikia maji ya watafiti, pamoja na mshtuko wake wote na harufu ya sangara juu yake. Yafaa ajue kwamba utafiti wa mwaka 2015 uliwakuta waliokaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 baada ya kunyanyua vyuma, kwa wiki 12, wamejenga misuli kidogo kuliko waliopoza mwili kwa kuendesha baiskeli taratibu.

Faida ya hakika ya maji baridi ya Mwanza ni ya kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayeitengenezea video: hayali mkaa, hayamwunguzi mtoto, na hayahitaji ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ambayo waya wake ukichubuka unaweza kuua. Mimi huoga baridi kwa sababu hizo na kwa kuwa napenda, wala sitegemei kuugua kidogo kuliko jirani yangu anayechemsha.

Mahali ambapo ningetaka swali hili liulizwe kwa uzito ni kwenye mabweni, ambako wanafunzi huamshwa saa kumi na moja na wote huoga maji ya aina moja. Jirani yangu mmoja ana binti mwenye selimundu aliyeko kidato cha pili. Kila muhula humwandikia matroni barua akiambatanisha kadi ya kliniki, akiomba mwanawe aruhusiwe kuchukua lita tano za maji ya moto jikoni, au aoge saa kumi jioni, jua likiwa limeshapasha tangi. Muhula uliopita aliruhusiwa. Muhula huu matroni amebadilishwa, na barua imeandikwa upya.