Dohani Isiyopika Hata Chai

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukisikia baridi unakwenda kupima malaria. Na moshi nilikuwa naujua wa aina mbili tu: wa jikoni, unaopita dirishani, mlangoni na kwenye makuti kwa hiari yake, na Moshi ya Kilimanjaro, alikotoka mama watoto. Wa kwanza haukuwahi kunidai kitu. Wa pili niliutolea mahari, nikamaliza, mashahidi wapo.

Leo niko Chicago, mwaka wa kumi na moja, nadaiwa na moshi ambao hata kuuona sijauona.

Tatizo ni nyumba. Nilinunua ile wanayoiita bangaloo, ya matofali, imejengwa 1926. Mji huu walizijenga kama 80,000 kati ya 1910 na 1940, zinafanana kama wanafunzi mstarini, kwa hiyo nikajisemea kitu kinachopendwa na watu wote hao hakiwezi kuwa na kasoro. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikafungua, nikaingia. Nikakagua jiko, nikavuta maji ya choo mara tatu, nikaruka juu ya sakafu. Wahenga hawakusema lolote kuhusu kupanda juu ya paa.

Na juu ya paa kuna dohani, mnara wa matofali wa kutolea moshi.

Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nikajua basi chini yake kuna pahali pa kukaa na kikombe cha kahawa, kuni zinalia, miguu imenyooshwa kama kwenye filamu. Nikazunguka chumba hadi chumba natafuta moto. Hakuna! Dohani inashuka moja kwa moja hadi chumba cha chini ya nyumba, ina matundu mawili. Moja lilikuwa la jiko la makaa la enzi hizo, limekufa siku nyingi. La pili lilikuwa la boila ya kupashia nyumba joto, kubwa, mtoto anaingia. Boila iliondolewa, ikaletwa hita ya kisasa inayopumulia kwa bomba la plastiki ukutani. Tundu lote lile akaachiwa mtu mmoja: mtungi wa maji moto, unaochemsha kwa gesi. Mafundi wa huku mtungi wa namna hiyo wanauita yatima, na ni yatima kweli, kaachwa peke yake kwenye jumba la urithi. Hewa yake ni haba na ina mvuke. Inapanda kwenye lile tundu pana lenye baridi, haifiki juu, inageuka maji njiani. Maji yenyewe ni makali, yanakula viungo vya matofali polepole. Kwa hiyo dohani yangu nje inanyeshewa, ndani inatoka jasho, na hata chai haijawahi kunipikia.

Samahani, chai imenipa. Mwezi wa tatu mwaka jana niliamka nikaona darini, juu ya mto wangu, doa la rangi ya chai. Ya rangi, bila maziwa.

Najua unachotaka kusema. Umeshafungua mdomo. Usipoziba ufa. Ndugu yangu, mimi niliuziba! Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa kiangazi cha miaka miwili kabla. Niliona viungo vya dohani vinamomonyoka, ukigusa unabaki na unga kidoleni. Fundi wa mtandaoni anasema ita mtaalamu. Mtaalamu wa nini? Mimi nimezaliwa Tanga, mji wenye kiwanda cha saruji, niite mtu anifundishe saruji? Nikanunua mfuko, nikakoroga nzito, kali, ya kujengea daraja. Nikapanda, nikashindilia kila kiungo mpaka dohani ikang'aa. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo akaandika: "Injinia." Niliishi na hilo neno miezi mingi.

Baada ya doa nikaanza kuita watu. Wa kwanza hakushuka hata kwenye gari lake. Aliinua macho, akataja dola mia saba, apake lami. Wa pili alirusha kile kidege cha kamera, kikazunguka paa kama mwewe anatafuta vifaranga, akaniletea picha 46 na bei ya dola 11,000. Abomoe yote hadi chini. Nikamwambia picha ni nzuri.

Nina rafiki yangu wa Bukavu, tunasali mitaa tofauti lakini tunalalamika pamoja. Akasema, "Ndugu, bale batu banakuiba! Mi na we tunaipanda, siku moya tu." Akaja Jumamosi na kofia na glavu. Akapanda ngazi. Kidato cha saba upepo wa ziwani ukamsalimia. Akashuka taratibu, akavua glavu moja moja, akaniambia, "Ndugu, ulipe tu."

Wa tatu alikuwa mzee wa Kipolandi, fundi mwashi, mwenye vidole kama mizizi ya muhogo. Huyu alipanda mwenyewe. Alikaa huko juu robo saa akigonga tofali moja moja kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Akashuka na kitu kiganjani: uso wa tofali. Si tofali, uso wake tu, umebanduka mzima kama ganda la yai.

"Nani alitia hii saruji?" akauliza.

"Aliyeniuzia nyumba," nikajibu, haraka kuliko nilivyowahi kujibu swali lolote Marekani, la uhamiaji likiwemo.

Mzee akaeleza. Matofali ya zamani ya Chicago yalifinyangwa kwa udongo wa hukuhuku, ni malaini, yanakunywa maji. Waliyaunganisha kwa chokaa, kwa kuwa chokaa ni laini zaidi: ukuta ukitaka kunyooka, chokaa inakubali, na unyevu ukitaka kutoka unapitia kwenye kiungo. Kiungo kikichakaa baada ya miaka mingi unakikwangua, unatia kingine, tofali halijui kilichotokea. Yaani kiungo ndiyo kafara. Sasa akija punda mmoja (alisema punda) akatia saruji ngumu kuliko tofali lenyewe, maji yanakosa mlango. Yanatokea usoni mwa tofali.

Halafu inakuja hewa ya mji huu kumalizia. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia tisa. Yakiwa ndani ya tofali, yatavimbia wapi? Yanasukuma. Yakiyeyuka, maji mengine yanaingia pale palipopanuka, usiku yanaganda tena. Baridi kali ikija ikakaa ina nafuu yake. Kinachoua ni kule kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, kama mtu anayeacha sigara. Na Chicago ndiyo mchezo wake. Tarehe 30 Januari 2019 nilikuwepo, tulishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, pumzi yangu iliganda kwenye masharubu nikawa babu kabla ya wajukuu. Siku chache baadaye mitaro inatiririka na kijana wa jirani anatembea na kaptula. Julai unachemka mpaka lami inanata. Sehemu nyingine zote za nyumba zina ukuta wa kuegemea au paa la kujifunika. Dohani imesimama peke yake juu kule, pande nne zote zinapigwa, kama mlinzi wa benki aliyesahauliwa.

Mzee akataja bei: dola 4,800. Abomoe sehemu iliyo juu ya paa, ajenge upya kwa chokaa, atie bomba la chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya yule yatima, abadili bati linaloziba pale dohani inapokutana na paa, aweke zege la kumwaga maji juu na kofia yenye wavu. Mama watoto akauliza kwa nini tusiikate tu, tuifiche. Haikubaliki: lazima ipite paa kwa futi 3 angalau, na iwe juu kwa futi 2 kuliko chochote kilicho ndani ya futi 10. Hata kufupisha kuna vipimo.

Nikampigia mama.

"Mama, chemni imeharibika. Wanataka dola elfu nne na mia nane."

Kimya. Nikadhani vocha imekwisha.

"Chemni, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Chemni hii ya kandili? Hata yangu imevunjika juzi, paka kaipiga mkia. Lakini mbona zipo Ngamiani, barabara ya saba, tena wanakufungia kwa gazeti."

"Siyo hiyo, mama. Ya nyumba. Dohani."

"Dohani! Umenunua meli?"

Ikabidi nieleze yote, na kwa kuwa mama yangu hadanganyiki, nikajikuta nimesema na ile habari ya saruji. Hapo sauti ikabadilika.

"Babu yako mzaa baba alikuwa akifanya kazi gani Pangani?"

"Kuchoma chokaa, mama."

"Alikuwa akichoma chokaa. Matumbawe kwa magogo, tanuu linawaka usiku kucha, macho mekundu. Nyumba zile za mawe zinapigwa na chumvi ya bahari tangu sijazaliwa. Alitia saruji?"

"Hakutia, mama."

"Wewe ukavuka bahari mbili kwenda kutia saruji."

Sikuwa na jibu. Baba mdogo naye, na lile neno lake la injinia, hakuandika tena kitu.

Sasa unadhani ukishapata fundi na kukopa hela kazi inaanza. Ilikuwa Aprili. Mzee akasema usiku bado kuna baridi, udongo wa chokaa ukiganda kabla haujashika ni kazi bure, tungoje. Tukangoja. Mei ikaja na joto lake, akapanda na jukwaa lake, akachungulia lile tundu lililokufa, akashuka.

"Una wapangaji," akasema.

Ni teleka, ndege weusi wanaofanana na mbayuwayu. Hawa hawawezi kutua juu ya tawi kama ndege wenye adabu. Miguu yao ni ya kung'ang'ania ukuta tu, kwa hiyo dohani kwao ni hoteli. Wanavunja vijiti hewani, wanavigandisha ukutani kwa mate, tayari nyumba. Na huwezi kuwatoa. Kuna sheria ya ndege wahamao ya 1918, inayolinda kiota chenye mayai au makinda. Nikarudia mwenyewe polepole ili niumie vizuri: ndege anatumia majira ya baridi Amerika Kusini, anavuka mipaka yote bila viza, bila alama za vidole, bila mahojiano, anaingia kwangu bila kodi, na akishataga serikali nzima iko nyuma yake. Mimi nilijaza fomu miaka sita.

Makinda yalipoanguliwa, kelele. Kila mama akirudi na wadudu, ukuta unanguruma. Usiku wa kwanza mama watoto akanishika mkono. "Baba Zuhura, kuna kitu ukutani." Mimi mtu wa Pwani, sikuuliza kitu gani, nilianza kusoma ninachokijua, kwa sauti.

Jambo moja tu sikulicheka mwaka huo. Mzee alipima hewa karibu na mtungi akasema tundu hili likiziba kwa matofali yanayodondoka, hewa ya sumu ya gesi iliyoungua itarudi ndani, na haina harufu. Sheria ya Illinois tangu 2007 inataka king'ora chake ndani ya futi 15 ya kila chumba cha kulala. Changu kilikuwepo, ndani ya droo, bila betri, kwa sababu kilikuwa kinalia "pi" usiku. Mama watoto, ambaye kwao mlimani wanawajua watu waliolala na jiko la mkaa mlango umefungwa wakaamshwa na majirani bila kuamka, alikitundika yeye mwenyewe. Hakunisemesha hadi asubuhi.

Teleka waliondoka mwishoni mwa Septemba. Hawakuaga.

Mzee alifanya kazi siku nne za Oktoba, na mwanawe chini akimpandishia ndoo. Matofali mazima aliyasafisha akayarudisha. Yaliyopungua akaleta ya nyumba iliyobomolewa, ya umri uleule. Tofali kuukuu la Chicago lina bei kuliko jipya, watu wa majimbo ya kusini wanayanunua kwa malori wapambie majumba yao. Nililitazama lile tofali la miaka mia linalopanda thamani, nikajishika kiuno changu cha miaka hamsini na miwili.

Siku ya mwisho aliingia gereji kuomba maji. Akaona ndoo yangu. Imekauka saruji, na mwiko umesimama katikati kama bendera. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akanywa maji yake yote.

"Aliyekuuzia nyumba," akasema, "aliacha na ndoo?"

"Aliacha," nikasema.

"Mtu mkarimu."

Akaenda kwenye rundo la kifusi, akachagua pande la saruji kubwa kama mkate, akanipa kwa mikono miwili. Liko juu ya friji mpaka leo. Mama watoto amekataa nilitupe.

Jioni nikampigia mama. "Imekwisha, mama."

"Alhamdulillahi. Inawaka vizuri?"

"Haiwaki, mama. Haiwashwi kitu mle."

"Moshi unatoka?"

"Hauonekani."

Akanyamaza kidogo, anapiga hesabu. "Sawa, baba. Mungu akupe kingine. Lakini kama kuna chenji iliyobaki kwenye hizo elfu nne na mia nane, nitupie elfu tatu ya huku nikanunue chemni. Umeme umekatika tangu magharibi, nakusikiliza gizani."