Marekani ya viwanda: ni kweli lazima kizazi kimoja kiumie ndo nchi iendelee?

Kuna hoja moja naisikia sana kila watu wakianza kujadili maendeleo. Inasema hivi: nchi haitajiriki bila kizazi kimoja kuumia, angalia Marekani, walipiga kazi masaa 12 kwa siku, watoto wako viwandani, hakuna likizo hakuna bima, ndo maana wakafika pale walipo. Upande wa pili wapo wanaosema akina Rockefeller, tajiri wa mafuta, na Carnegie, tajiri wa chuma, walikuwa majambazi tu, utajiri wote ule ni jasho la watu lililoibiwa. Mi naona kila upande umeshika ukweli wake, ila kuna kitu wote wanakiruka na ndicho kinachoniuma kwenye historia hii.

Tuanze na wanaowasifu maana wana hoja nzito. Marekani ilitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865 ikiwa na maiti zaidi ya laki 6 na majimbo ya kusini yameharibika vibaya. Miaka minne tu baadaye, tarehe 10 Mei 1869, reli ya kutoka mashariki ikakutana na ya kutoka magharibi pale Promontory Summit, Utah, na safari iliyokuwa inakula miezi ikawa ya wiki moja. Kufika 1900 nchi ile inatoa chuma kama tani milioni 10 kwa mwaka, imeshaipita Uingereza mbali. Na bei zilishuka kweli. Reli za chuma mwanzoni mwa miaka ya 1870 zilikuwa zaidi ya dola 100 kwa tani, mwishoni mwa miaka ya 1890 ziko chini ya dola 20. Mafuta ya taa ya Rockefeller yalitoka kama senti 26 kwa galoni mwaka 1870 yakafika kama senti 8 katikati ya miaka ya 1880, maana yake mkulima wa kawaida akaweza kuwasha taa usiku mtoto akasoma. Hicho sio kitu kidogo, mtu aliyewahi kusoma kwa kibatari anajua.

Halafu kuna wahamiaji. Kati ya 1880 na 1920 waliingia zaidi ya watu milioni 20, Waitaliano, Wayahudi wa Urusi, Wapoland, Waslovakia, na hawakuburutwa na mtu, walikata tiketi zao, wakaandika barua nyumbani kuwaita ndugu, wakatuma hela. Ukisema viwanda vile vilikuwa jehanamu tupu lazima ueleze kwa nini watu walipanga foleni kuingia. Walikuwa wanalinganisha na walikotoka, na walikotoka kulikuwa na njaa na, kwa Wayahudi, kulikuwa na mauaji.

Sasa kwenye suala la nani anastahili sifa hapo ndo watu wanachanganya mambo. Wanasema soko huria lilijenga Marekani. Serikali iliyapa makampuni ya reli ardhi kama eka milioni 130, na ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe, mataifa ya wenyeji ambao kufika 1890 pale Wounded Knee, South Dakota, walikuwa wanapigwa risasi na jeshi, wanawake na watoto wakiwemo. Chuma cha Carnegie kililindwa na ushuru wa forodha, mwaka 1870 reli kutoka nje ziliwekewa ushuru wa dola 28 kwa kila tani. Wachina kwa maelfu walitoboa milima ya Sierra Nevada kupitisha ile reli, na mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie tena nchini. Hata sisi huku tumo kwenye hesabu: pembe za ndovu kutoka Tabora na Manyema, mashariki mwa Kongo, zilishuka hadi Zanzibar zikapakiwa kwenda Connecticut, kwenye vimji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani kwenye vibanda vya vioo ziwe nyeupe, zikawa vitufe vya piano za sebuleni. Wapagazi waliozibeba begani hadi pwani hawatajwi kwenye simulizi ya mtu aliyejitajirisha mwenyewe.

Tuje Homestead maana pale mambo yako wazi. Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1835, baba yake mfumaji aliyenyang'anywa kazi na mashine. Alifika Marekani mwaka 1848, akaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Mtu wa namna hiyo ungedhani anawajua wafanyakazi, na kweli aliandika maneno mazuri kuwahusu. Lakini mkataba wa kiwanda chake cha Homestead, pembeni ya mto Monongahela karibu na Pittsburgh, ulipokaribia kuisha Juni 1892, yeye alikwenda zake Scotland akamwachia kila kitu meneja wake Henry Clay Frick. Frick akazungusha uzio wa mbao wenye waya wa miba juu, akakata viwango vya malipo, akakataa kuzungumza na chama cha wafanyakazi, akafungia watu nje. Alfajiri ya tarehe 6 Julai matishari mawili yakapandishwa mtoni yamebeba walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton wenye bunduki. Mji mzima ukashuka mtoni, wanaume kwa wanawake, na watu wakapigana karibu siku nzima. Wafanyakazi 7 na walinzi 3 wakafa. Wale walinzi walipojisalimisha walipigwa vibaya wakati wanapitishwa katikati ya umati, na hilo nalisema maana kuna watu wanasimulia Homestead kama vile upande mmoja ulikuwa malaika.

Baada ya hapo gavana akaleta wanajeshi wa jimbo zaidi ya 8,000, kiwanda kikafunguliwa na watu wengine, Novemba mgomo ukafa, na chama nacho kikafa pale kiwandani. Shifti ya masaa 12 ikabaki, na kila wiki mbili mtu wa shifti ya mchana anapobadilishana na wa usiku kuna mmoja anapiga masaa 24 mfululizo mbele ya tanuru. Masaa 24! Mwaka 1898 Carnegie akawafungulia watu wa Homestead maktaba nzuri sana, ina ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Kwa jumla alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani na kugawa kama dola milioni 350, na mi siwezi kuzidharau, kuna watoto wa maskini wengi walifunguka macho humo ndani. Ila wale wafanyakazi waliuliza swali ambalo hadi leo halijajibiwa vizuri, mtu aliyesimama masaa 12 kwenye joto lile anasoma kitabu saa ngapi?

Sasa anayetetea atasema hayo ndo maumivu yenyewe, hakukuwa na namna. Hapa ndo napotofautiana naye. Kuna maumivu yanayotokana na umaskini na kuna maumivu yanayotokana na mtu kuamua, na hoja ya kizazi kuumia inayachanganya yote kwenye kapu moja. Kwamba mwaka 1870 Marekani isingeweza kumlipa kila mtu mshahara wa leo, nakubali kabisa, tija ilikuwa bado ndogo, mashine bado, na hakuna sheria inayoweza kugawa utajiri ambao haujazalishwa. Lakini kufunga mlango kwa ufunguo sio suala la tija.

Nasema mlango kwa sababu ya Triangle. Jumamosi tarehe 25 Machi 1911, New York, kiwanda cha kushona blauzi kwenye ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10, muda wa kutoka ukiwa umekaribia. Mabaki ya vitambaa yaliyorundikwa chini ya meza za kukatia yakashika moto. Ghorofa ya 9 kulikuwa na mlango wa ngazi upande wa Washington Place na ulikuwa umefungwa, maana matajiri wa kiwanda walitaka kila binti atokee upande mmoja akaguliwe mkoba asije akaiba kitambaa. Ngazi ya nje ya chuma ikajikunja kwa uzito wa watu ikaanguka, ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6, waendesha lifti walipanda na kushuka mpaka lifti zikashindwa, waliobaki wakawa wanaruka madirishani mbele ya watu waliosimama barabarani. Walikufa watu 146, wengi mabinti wa Kiyahudi na Kiitaliano, wengine wana miaka 14 tu. Na mafundi hao hao mwaka 1909 walikuwa wamegoma kwa maelfu mji mzima kudai chama na mazingira mazuri ya kazi, na wenye Triangle wakagoma kukitambua chama. Mahakama iliwaachia huru matajiri hao. Baadaye kwenye kesi ya madai familia zikapata kama dola 75 kwa kila marehemu. Mwaka 1913 mmoja wa hao matajiri alikamatwa tena kwa kufunga mlango kwenye kiwanda kingine, akapigwa faini ya dola 20.

Mi hapo sioni gharama ya maendeleo hata kidogo. Mlango ukiwa wazi unapoteza labda vipande vichache vya kitambaa. Na ushahidi upo, maana baada ya ule moto jimbo la New York liliunda tume, ikazunguka viwandani, ikatunga sheria nyingi tu kuhusu milango, vifaa vya kuzimia moto, vyoo, masaa ya wanawake na watoto, na Frances Perkins aliyeshuhudia mabinti wakiruka siku ile akaja kuwa waziri wa kazi wa nchi nzima mwaka 1933. Viwanda vya nguo vya New York havikufa kwa sheria hizo, mji ule uliendelea kuwa kitovu cha nguo cha Marekani kwa miongo mingine kadhaa.

Watu wa upande wa sifa wana kadi moja nzuri sana ambayo cha ajabu hawaitumii vya kutosha, Henry Ford. Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku na masaa 8, karibu mara mbili ya malipo ya kawaida, na hakulazimishwa na sheria wala mgomo. Kwa nini? Kwa sababu mstari wake wa kuunganisha magari pale Highland Park ulikuwa unachosha akili kiasi kwamba watu wanaacha kazi kila siku, na kufundisha wapya ni hasara. Muda wa kuunganisha chasisi ulikuwa umeshuka kutoka zaidi ya masaa 12 hadi dakika 93, kwa hiyo hela ipo. Faida yake ikapanda. Hii inaonyesha mambo mawili kwa pamoja, kwamba tija lazima iwepo kwanza, na kwamba ikishakuwepo kumlipa mtu vizuri hakuui biashara. Japo na yeye alituma watu hadi majumbani kukagua kama mfanyakazi anakunywa pombe na anaweka akiba ndo apate ile dola 5 kamili, kwa hiyo tusimpambe sana.

Kingine kinachorukwa ni kwamba serikali haikukaa pembeni kuacha watu wapatane. Sheria ya 1890 ya kuzuia ukiritimba ilitumika mapema dhidi ya mgomo wa Pullman, mgomo wa wafanyakazi wa reli, mwaka 1894, wakati Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Rockefeller, ilikuja kuvunjwa 1911. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ikafuta sheria ya New York ya waoka mikate wasizidishe masaa 60 kwa wiki, eti inaingilia uhuru wa mkataba. Na kule kusini hata neno uhuru halikuwepo, Mtu Mweusi alikamatwa kwa kosa la uzururaji, akakodishwa na jimbo kwenye mgodi wa makaa ya mawe, Alabama iliendelea na mchezo huo hadi 1928. Huyo naye tunamweka kwenye fungu la kizazi kilichojitolea? Hakujitolea, alifungwa minyororo. Mei Mosi tunayopumzika nayo huku kwetu ilizaliwa na mgomo wa masaa 8 wa mwaka 1886, ambao Chicago uliishia na bomu, polisi na raia wakafa, na wanaume wanne wakanyongwa mwaka uliofuata kwa ushahidi mbovu kiasi kwamba gavana mwingine aliwasamehe wenzao waliobaki jela.

Na yale masaa 12 ya chuma unajua yaliisha lini? 1923. Mwezi Mei mwaka huo wenye viwanda vya chuma walitoa ripoti wakasema shifti ya masaa 8 haiwezekani, gharama zitapanda, wafanyakazi hawatoshi. Rais Harding akawabana hadharani, magazeti na makanisa yakapiga kelele, na kufika Agosti wakaanza kubadilisha. Matanuru hayakuzimika. Kutoka Homestead 1892 hadi hapo ni miaka 31, na katikati yake, 1901, Carnegie aliuza kampuni yake kwa J. P. Morgan, tajiri wa benki, kwa dola milioni 480, kwa hiyo mtu asiniambie hela ya kuongeza shifti ya tatu haikuwepo.