Hendibreki Ndiyo Iliyovujisha Siri

Sijagonga msikiti. Tuanze na hapo, kwa sababu tangu jana usiku simu haitulii, na kila anayepiga anaanza na "pole" halafu nasikia watu wanacheka nyuma yake. Sijaua mbuzi. Na bibi hakuzimia. Bibi mzima kabisa, ana nguvu kunishinda mimi, na nimelijuaje hilo nitawaambia.

Nilitaka ninyamaze mpaka lipoe. Lakini sahibu yangu ameshatangulia, mmeisikia sauti yake ya dakika nne na ushee inavyozunguka kwenye magrupu, akisimulia mkasa wangu wa gari huko Pemba. Kasimulia vizuri, sikatai, yule mtu ana kipaji. Hata mama yangu kacheka. Ila kuna kitu kimoja kidogo amekisahau katika hizo dakika nne, na hicho ndicho kilichonitoa kitandani alfajiri hii: katika ile safari, hendibreki alikuwa yeye.

Ngojeni, nitafika.

Mnajua nilikwenda Pemba kwenye harusi ya mtoto wa ami yangu. Na kabla hamjanikumbusha, ndiyo, mimi ndiye yule niliyeandika hapa wiki mbili nyuma kuwasema bodaboda wanaopakia watu watatu na mtoto mbele, nikamaliza kwa kusema "barabara haitaki mzaha". Naona mmeshaifufua ile posti. Aliyeweka picha ya kaa chini yake, namjua, tutaonana Darajani.

Leseni ninayo mwaka wa nane huu. Lakini usafiri wangu wa kila siku ni Vespa, na gari ninayoendesha ni ile ya dada, otomatiki, tena sikukuu kwa sikukuu. Na nyote mnaijua Unguja yetu, imelala kama sahani. Mlima mkubwa niliowahi kuupanda na gari ni lile tuta la Jozani, wanalopunguzia watu mwendo wasije wakawakanyaga kima punju.

Pemba nako, ukishuka bandarini Mkoani tu, mlima unakupokea kabla ya mwenyeji wako. Ukiumaliza huo unateremka, ukiteremka unapanda, ukipanda kuna kona, ndani ya kona kuna mtu kaanika karafuu.

Ami ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Umri wa gari hiyo na bwana harusi ni mmoja. Mlango wa abiria unafungwa kwa kamba ya manila, honi inalia yenyewe ukikata kona ya kushoto, na hendibreki ipo. "Ipo," ami aliniambia, akanionyesha kile chuma kimesimama wima kama mkono wa mtu anayeomba dua. "Ila haishiki. Hendibreki yenyewe ile pale." Akaoneshea kidole nyuma. Nyuma alikuwa sahibu yangu, kakaa juu ya gunia la mchele, na miguuni kwake jiwe.

Utaratibu ni huu. Gari ikisimama mlimani, ami anagonga bati mara mbili, mtu wa nyuma anaruka na jiwe, anatia nyuma ya tairi. Dereva anajipanga, anaondoka kwa raha zake, mtu wa nyuma anaokota jiwe, anakimbia, anadandia. Ami amefanya hivyo miaka na miaka. Na mimi, bwana usalama barabarani, mwenye maneno ya "haitaki mzaha", nikaangalia chuma, nikaangalia jiwe, nikasema, "Haya, Bismillahi."

Wala hakuna aliyeniomba niendeshe. Ami goti lilikuwa linamuuma kidogo tu, mwenyewe kasema atamudu. Mimi nikajitia. "Nipe mie ami, wewe pumzika." Nadhani nilitaka mashangazi wanione nikiingia na gari.

Basi tumetoka Chake na mzigo wa shughuli: mchele, sufuria tano za kukodi, zile za pilau anazoweza kulala mtu mzima, zimefungwa kamba. Tunaelekea kaskazini. Kijiji sikitaji, kwa sababu bado nina ndugu huko. Sasa ni msimu, kisiwa kizima kinanukia, na pembezoni mwa barabara majamvi yamefuatana. Kila msimu watu wanaambiwa wasianike barabarani, na kila msimu jamvi linarudi, kwa sababu lami inashika moto na kila mtu ana haraka zikauke kabla mvua haijamkuta. Kwa hiyo dereva wa Pemba anapita katikati. Mkikutana wawili mnazungumza kwa macho.

Nilikwenda vizuri. Andikeni hilo mahali. Nusu saa nzima nilikwenda vizuri, mpaka ami akaanza kusinzia, na mtu hasinzii kwa dereva mbaya.

Halafu ule mlima. Katikati ya mlima, gari la ng'ombe limejaa kuni, linapanda kwa mwendo wa ng'ombe. Mbele ya ng'ombe kona. Huwezi kulipita. Nikakanyaga klachi, nikakanyaga breki, gari ikasimama. Hapo nilikuwa dereva bado, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Ami akazinduka, akagonga bati. Ko, ko.

Kimya.

Ko, ko, ko.

Kumbe hendibreki kasimama juu ya gunia, simu mkononi, mgongo ametupa sisi, anajirekodi na mandhari: "Naam wapenzi, mnaniona niko Pemba, kwenye marashi ya karafuu..." Hiyo video ipo. Hiyo hajawatumia. Muulizeni.

Ng'ombe wakasogea. Ami akasema, kwa sauti ya upole, "Haya mwanangu, polepole, klachi ikishika ndiyo uachie breki." Nikasikia "uachie breki". Nikaachia breki. Injini ikakohoa mara moja, kama mzee anayetaka kusema neno akaghairi, ikazima. Nikasikia ndege. Nikasikia ng'ombe wanavyopumua. Halafu nikauona mkia wa ng'ombe unapungua. Nikafikiri, mbona ng'ombe hawa wameanza kukimbia?

Hapa nisimame nieleze kitu, maana kuna mtu ameandika "kwani breki hakuziona?" Wewe unayeuliza hujawahi kuendesha Vespa miaka minane. Kwenye Vespa klachi iko mkono wa kushoto. Sasa mtu akitishika, mwili unarudi kwenye kile unachokijua. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekamata kirungu cha gia, na nilikibana. Nilikibana kweli, nakibinya kama ninayekamua ndimu, nikisubiri gari isikie. Haikusikia. Ndipo nikakumbuka kwamba gari inasimamishwa kwa mguu. Nikakanyaga. Nilikanyaga kwa nguvu zote alizonijaalia Mola, nimenyanyuka kwenye kiti, kichwa kimegota bati la juu.

Nilikanyaga klachi.

Gari ikapata uhuru kamili. Mwendo wenyewe si mkubwa, tusidanganyane, mtoto wa madrasa angetembea nao sambamba. Ubaya wake ni huohuo. Ingekuwa kasi ingekwisha. Hii ilikuwa inarudi taratibu, kwa adabu, kila kitu nakiona. Nikakata usukani kulia, sijui kwa nini kulia, na sehemu ya nyuma ikaanza kuelekea upande wa pili wa barabara, kwenye majamvi matatu marefu yaliyofuatana kuteremkia chini. Na huku juu, yanapoanzia, kwenye kigoda, amekaa bibi na ufito wa kufukuzia kuku.

Dirisha langu likaja kupita usoni pake. Hatua moja tu kati yetu. Macho yetu yakakutana. Na mimi nimelelewa, nikasema:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona waja kinyumenyume?"

"Gari imekataa, bibi."

"Basi usinipandie karafuu zangu."

"Sawa, bibi."

Nikazipanda.

Kama hujawahi kuisikia sauti ya karafuu za siku mbili juani zikipita chini ya tairi, ni kama mtu anatafuna bisi sikioni kwako, ila bisi hizo ni za bibi yake mtu. Jamvi la kwanza likalia lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. La pili likalia. Harufu ikapanda ndani ya gari kama umefukizwa udi. Ami anasoma lahaula, na ami huyo, mwenye gari, anayejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hendibreki ile haishiki, kaikamata kwa mikono miwili anaivuta. Jamvi la tatu likanasa tairi, likanyanyuka, likaanza kujizongomeza kwenye gurudumu kama kilemba. Nyuma sufuria zinagongana, beni tupu. Watoto wametoka sijui wapi wanapiga makofi. Sufuria kubwa kuliko zote ikajifungua kamba, ikaruka, ikatua kwa ubavu, ikatupita. Nimekaa kwenye gari nimepitwa na sufuria.

Na katika yote hayo, sauti ya sahibu yangu juu ya mchele: "Wapenzi, naona kama tunarudi..."

Kilichotusimamisha ni magunia mawili ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, yamewekwa mwisho wa majamvi. Kirikuu ikayakalia kitako, puu, ikatulia. Mguu wangu bado uko kwenye klachi.

Hapo sasa hendibreki ikafanya kazi. Nikamwona kwenye kioo anaruka, jiwe mikononi, uso umejaa ushujaa, anakimbia, anainama, anatia jiwe kwa nguvu. Mbele ya tairi.

Hakuna aliyesema kitu. Ami mwenyewe aliliangalia lile jiwe, akamwangalia yeye, akafungua kamba ya manila taratibu akashuka.

Mlango wangu ukafunguliwa kutoka nje. Nikahisi mkono kwenye ukosi wa kanzu, nikatolewa kama kuku anavyotolewa tenga. Bibi. Ananifika kifuani. Akanisimamisha juani, akaniangalia toka kofia mpaka makubadhi.

"Wewe mtoto wa nani?"

Wapemba wenzangu wa kuchovya, mnajua uzito wa swali hilo. Polisi angeniuliza leseni ningempa. Nikamtaja baba yangu. Akafikiri.

"Yule aliyehamia Unguja?"

"Ndiye, bibi."

"Aaaa," akasema. Ndefu. Ile ya mtu aliyepata jawabu la mambo mengi kwa mpigo.

Yaliyobaki nayapitisha haraka, maana yananiuma na chai yangu inapoa. Nilitoa pesa, akakataa kuzigusa, akasema pesa haziioteshi karafuu kichwa. Zilizokatika vichwa zilikuwa nyingi. Akatupa ungo, tukakaa chini mimi na hendibreki, tunachambua nzima huku, zilizovunjika kule, na zilizonasa kwenye tairi tunazichokoa kwa mwiba wa mchungwa, moja moja, mpaka Alasiri. Ami akalipa tofauti siku ya pili kimyakimya, nami nikamlipa ami, na kiasi sitaji. Sufuria ilikutwa kwa muuza samaki huko chini, ina bonde ubavuni, hilo nimelilipa pia. Pilau ililiwa usiku. Na bibi, ya Rabbi, kumbe ni bibi mzaa mama wa bi harusi. Kwa hiyo sasa ni ndugu yangu. Harusini nilipoingia ukumbini, watoto wote wa kile kijiji wakanipokea wakitembea kinyumenyume, na aliyekuwa anawapanga mstari ni yeye, na ufito wake.

Wakati wa kuaga akaniita kando. Nikadhani radhi. Akanipa kifungu cha karafuu ndani ya karatasi, akasema za chai, akanishika mkono, akauliza, "Warudi Unguja kwa meli?" Nikasema ndiyo. "Alhamdulillahi," akasema. "Kuna nahodha."

Ndiyo mambo yalivyokwenda. Sahibu yangu bado anasambaza, nimeambiwa imeshafika Tanga. Sawa, asambaze. Yeye jana jioni kaniletea ujumbe, ati nimwazime Vespa ijumaa ana safari ya Nungwi. Nitamwazima. Ila akija kuichukua aangalie chini, kuna jiwe, nimelibeba kutoka Pemba ndani ya begi la nguo mpaka mpekuzi wa bandarini akaniuliza mara mbili hili ni nini. Nimeliweka nyuma ya tairi.

Nyuma, yakhe. Nyuma.