Toksikolojia ifundishwe kwa dozi, si kwa orodha ya sumu

Mitaala mingi ya toksikolojia, yaani elimu ya sumu, ya shahada ya kwanza imepangwa kama orodha: wiki ya metali nzito, wiki ya viuatilifu, wiki ya viyeyusho, kisha mtihani wa kuoanisha sumu na kiuasumu chake, yaani dawa ya kuipinga. Mwanafunzi anafaulu. Muulize kama miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito wa mwili ni nyingi au ni kidogo, hajui aanzie wapi. Kauli ya tabibu Paracelsus ya mwaka 1538, kwamba dozi ndiyo inayoamua kitu kuwa sumu, hutajwa siku ya kwanza na kuachwa hapo hapo.

Ningepunguza nusu ya sumu hizo na kuweka maabara ya mbegu za saladi. Haihitaji kibali cha wanyama, na chumvi ya mezani inatosha kuwa sumu. Tengeneza myeyusho wa gramu 20 kwa lita kwa maji yaliyokenekwa, uuzimue nusu kwa nusu: 10, 5, 2.5, 1.25, na sahani moja ya maji matupu kama kundi linganishi. Kila sahani ya sentimita 9 iwe na karatasi ya chujio, mililita 4 za myeyusho na mbegu 10. Funika vizuri, weka gizani kwenye nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi, na baada ya siku 5 pima urefu wa mizizi.

Zoezi hili huharibika kwa njia zinazofundisha. Chumba kikipita nyuzi 30, mbegu za saladi hugoma kuota hata kwenye maji matupu. Kundi linganishi lisipootesha angalau 8 kati ya 10, jaribio lirudiwe. Sahani isiyofunikwa vizuri hukauka, chumvi hukolea, na dozi iliyoandikwa kwenye daftari si ile iliyofika kwenye mbegu. Anayezimua mara kumi kumi hupata sahani moja iliyokufa na nyingine zote nzima, hana mkunjo wa kuchora, yaani mstari unaoonyesha athari inavyobadilika na dozi. Wengine hukokotoa wastani wa mizizi iliyoota tu, hivyo dozi kali inaonekana mpole. Amueni kabla ya kupima jinsi ya kuhesabu mbegu zisizoota. Na wakifika kwenye mhimili wa dozi wa logi (logariti), yupo atakayejaribu kuweka sifuri. Sifuri haina logi. Kundi linganishi ni asilimia 100 ambayo dozi nyingine hupimwa dhidi yake.

LD50 nayo, yaani dozi inayoua nusu ya wanyama wa majaribio, iliyoletwa na mwanasayansi Trevan mwaka 1927, hutukuzwa kupita kiasi. Kemikali mbili zinaweza kuwa na LD50 ile ile, moja ikiwa na mkunjo mkali na nyingine mkunjo uliolala. Kwenye dozi ndogo, hiyo ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Jedwali la LD50 halionyeshi hilo.

Kwa upande wa muda, parasetamoli, dawa ya maumivu, pekee inabeba mihadhara mitatu. Mtu wa kilo 60 amemeza gramu 12 kwa mkupuo: ni miligramu 200 kwa kilo, juu ya kiwango cha hatari cha 150. Sehemu kubwa ya dawa huunganishwa na glukuronidi na salfeti, molekuli zinazorahisisha kuitoa, na kutolewa mwilini. Sehemu ndogo hugeuzwa na vimeng'enya vya ini kuwa NAPQI, kemikali yenye sumu, ambayo glutathioni, kinga ya asili ya seli, huizima. Glutathioni ikiisha, NAPQI hushika protini za seli za ini. Sasa uliza: kwa nini kipimo cha damu cha saa ya 2 hakisomwi kwenye chati ya Rumack na Matthew, inayotumia kiwango cha dawa kwenye damu na saa zilizopita tangu kumeza kukadiria hatari, na inayoanzia saa ya 4? Kwa nini mgonjwa anaweza kujisikia vizuri siku ya kwanza ilhali ini linaharibika? Kwa nini asetilisisteini, kiuasumu cha parasetamoli, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8? Anayejibu kwa kutaja ufyonzaji, akiba ya glutathioni na muda, mpe alama zote hata kama amesahau jina la kiuasumu. Jina lipo kwenye kitabu chochote cha wodini.