Vigae Vinne Tu, Jamani

Hivi viwanda vya vigae vina ugomvi gani na mimi? Bomba limevuja chini ya sakafu ya choo, fundi kapiga tindo, vigae vinne chali. Kaziba, kakung'uta suruali. "Bosi, hivi vinapatikana, usiwe na shaka." Kachukua chake, kaondoka. Mafundi bomba wana imani kubwa sana na vitu ambavyo si wao watakaovitafuta.

Muuza vigae akakigeuzageuza kipande changu. "Hii ya zamani, mzee. Chukua hii, zinafanana." Yangu ya kijivu, yake ina mawaridi! Zinafanana kwa kuwa zote zinakanyagwa, au?

Tena nikajifunza mambo ambayo sikuyaomba. Boksi likiandikwa sentimita 30 kwa 30, hilo ni jina tu. Udongo ukichomwa husinyaa, na hausinyai sawasawa kila mara, ndiyo maana kiwandani hupima na kuvipanga kwa tofauti za milimita. Rangi nayo ina namba ya toleo, kwa sababu tanuri la leo si la jana. Maana yake hata nikipata kigae kilekile, kiwanda kilekile, bado kinaweza kunikana. Na unene? Cha milimita 10 kando ya cha milimita 8, kidole gumba chako kitakupa taarifa usiku.

Shemeji yangu ndiye bingwa wa ushauri uliochelewa. "Ungenunua vya akiba, shemeji, asilimia 10 zaidi." Nyumba niliinunua imeshajengwa! Aliyeniuzia aliniachia kopo la rangi iliyokauka na ufunguo usiofungua mlango wowote.

Jirani akasema tengeneza mwenyewe, vigae vya saruji havichomwi. Poda ya rangi, saruji nyeupe, kalibu, shindilia. Rahisi! Nikauliza vinakaa muda gani ndipo vikomae. Saruji huhesabiwa siku 28. Siku 28, watu wazima tunaruka shimo kwenda haja! Na rangi unayoiona ikiwa mbichi siyo, ikikauka inapauka, kwa hiyo mwisho wa mwezi ndipo utajua kama umetengeneza kigae au umetengeneza kesi. Vya udongo ndiyo usiseme, vinataka tanuri la nyuzi 1,000 na zaidi. Mimi jiko la kawaida tu linaniunguzia wali.

Mama watoto naye: "Si ung'oe vile vya chini ya kabati?" Wazo zuri, isipokuwa kigae kilichogandishwa vizuri huwa hakitoki kizima. Unakwangua grauti, ile saruji ya kwenye maungio, pande zote, unabembeleza na tindo, kinakuachia vipande vinane. Fundi hodari wa zamani ndiye adui yako wa leo.

Basi sasa kila nyumba ninayoingia natazama chini, watu wanadhani nimekuwa mnyenyekevu. Juzi kwa mama mkwe, chooni, navikuta! Vyenyewe! Niko magotini na futi, nasikia hodi. "Baba, uko salama?" Nikauliza, kwa heshima zote, kama lilibaki boksi.

"Lilibaki, mwanangu. Tumesakafia banda la kuku."

Nimekwenda kuliangalia. Kijivu changu, toleo langu, unene wangu, na jogoo amesimama juu yake. Mnisaidie wenye uzoefu: mkwe anaanzwaje kuombwa sakafu ya kuku?