Kazi ya msimu kambini kwa malipo ya kiwanja: haki iko wapi?

Kila mwaka nchini Marekani, majira ya joto yanapokaribia, maelfu ya watu wanaoishi kwenye magari-nyumba huelekea kwenye kambi za mapumziko, si kama wageni bali kama wafanyakazi. Wengi ni wastaafu, mara nyingi mume na mke. Makubaliano ni mepesi: wao wafanye kazi saa kadhaa kwa wiki, nao wapewe kiwanja cha kuegesha chenye umeme, maji na bomba la majitaka. Msimu ukiisha kila mtu hushika njia yake. Wengi hushuka Arizona, Texas au Florida kukimbia baridi, na huko hupatana upya kwa masharti yaleyale.

Wapo wanaousifu utaratibu huu na wapo wanaouita unyonyaji. Kwa maoni yangu kubadilishana kazi kwa makazi hakuna ubaya wowote. Ubaya uko kwenye kutotaja bei.

Wanaousifu hawajakosea. Mzee wa miaka 67 mwenye pensheni ndogo, na gari-nyumba alilokwisha kulilipia, hubaki na mzigo mmoja mkubwa, yaani mahali pa kuliweka. Mwondolee huo, na pensheni ileile itamtosha chakula, mafuta na dawa. Anapata pia majirani, kazi ya kumwamsha asubuhi, na ziwa au msitu ambao wengine hulipa fedha nyingi ili wauone kwa siku mbili tu. Mwenye kambi naye ana hoja. Kambi ya kifamilia inayofunguliwa miezi mitano haiwezi kubeba mishahara ya mwaka mzima, ila viwanja inavyo. Kwenye hifadhi za taifa mambo yamewekwa sawa zaidi. Sheria ya wanaojitolea hifadhini, ya mwaka 1969, huwahesabu kama watumishi wa serikali kuu pale wanapoumia kazini. Aliyeteguka mgongo akiinua pipa la taka hawezi kuambiwa kwamba hakuwa mfanyakazi.

Shida huanza kwenye hesabu. Chukua mfano wa kambi ambayo kiwanja chake ni dola 600 kwa mwezi, na mume na mke wanatakiwa kufanya saa 20 kila mmoja kwa wiki. Kwa mwezi hizo ni saa 173 hivi za watu wawili. Gawanya, unapata takriban dola tatu na nusu kwa saa, wakati kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 tangu mwaka 2009. Mwenye kambi atasema kiwanja chake ni dola 45 kwa usiku, kwa hiyo anawapa dola 1,350. Lakini hakuna mtu anayekaa miezi mitano akilipa bei ya usiku mmoja mmoja. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, inayomruhusu mwajiri kuhesabu makazi kama sehemu ya mshahara, nayo haimruhusu kuweka faida yake humo. Anahesabu gharama halisi tu.

Halafu kuna saa zisizoandikwa. Mwenyeji wa kambi, yaani mfanyakazi huyu anayepokea na kuhudumia wageni, kwa kawaida hupewa kiwanja karibu na lango, na kibao mbele yake ili kila mgeni amwone. Asubuhi huzunguka na koleo na ndoo ya chuma akizoa majivu kwenye mashimo ya moto, akiyapekua kwanza asije akamwaga kaa lenye moto kwenye taka. Huosha vyoo, hubadilisha karatasi, huokota vifuniko vya chupa. Saa nne usiku muda wa utulivu unapoanza, yeye ndiye wa kwenda kuwaomba vijana wazime muziki. Saa sita anagongewa mlango na familia iliyochelewa njiani na haioni kiwanja chake gizani. Kanuni za kazi zinakubali kwamba anayeishi kazini hayuko kazini muda wote, na zinaruhusu pande mbili zipatane saa kwa namna inayoingia akilini. Ndiyo maana daftari ni la lazima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za mtu ni mali yake.

Wengine hujibu kwamba hawa si waajiriwa, wamejitolea. Kwenye hifadhi ya umma neno hilo lina maana. Kwenye kambi ya biashara halina. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya taasisi moja ya kidini iliyoendesha biashara, kwamba watu waliofanya kazi kwa kupewa chakula, nguo na malazi walikuwa waajiriwa, hata kama wenyewe walisema hawataki mshahara. Idara za uhamiaji nazo huhesabu malazi kama malipo; ndugu aliyeingia kwa viza ya utalii akakubali kusafisha kambi ili apate pa kulala amevunja masharti ya viza yake. Ikiwa kiwanja ni mshahara wa kutosha kumtia mgeni hatiani, basi ni mshahara pia siku ya kuhesabu haki za mfanyakazi.

Kweli, sheria hiyo ya 1938 inazisamehe kima cha chini sehemu za burudani zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, na kambi nyingi za kaskazini huingia humo, ingawa sheria za jimbo zinaweza kudai zaidi. Msamaha huo lakini hauwafikii makampuni binafsi yanayoendesha kambi kwa mkataba ndani ya hifadhi na misitu ya taifa.

Pesa hata hivyo si jambo linalonisumbua zaidi. Kwetu Afrika Mashariki tunamjua mfanyakazi wa ndani anayelala chumba cha uani: siku anayokosana na tajiri wake, jioni hiyohiyo yuko barabarani na begi. Mzee wa kambini yuko palepale. Akipinga kuongezewa saa anahatarisha kazi na makazi kwa pamoja, tena pengine katikati ya msimu, wakati viwanja vya eneo zima vimejaa na gari lake linahitaji matengenezo kabla halijashika barabara kuu. Mtu aliye katika hali hiyo hukubali mengi kimya. Kwa hiyo mkataba wa kambini uandike bei ya kiwanja kwa mwezi, saa zinazolingana na bei hiyo, saa inayozidi ilipwe taslimu, na atakayeachishwa kazi aruhusiwe kubaki kiwanjani siku 30 kwa kulipia bei ileile ya mwezi.