Mistari miwili kwenye kitepe bado si jibu

Kwenye kipimo cha haraka cha VVU, kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kitepe, dawa inadondoshewa juu yake, kisha dakika 15 za kungoja. Ukitokea mstari mmoja wa juu, ni hasi. Ikitokea miwili, mpimaji anafungua kitepe kingine, cha aina tofauti. Hapo mtu huuliza: kama kipimo ni cha uhakika, mbona mnanirudia?

Kipimo hiki hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake. Shirika la Afya Duniani linataka kinase angalau watu 99 kati ya 100 wenye virusi, na kisiwasingizie zaidi ya 2 kati ya 100 wasio navyo. Ni kipimo kizuri, ila hao wawili si wachache kama wanavyoonekana.

Chukua kiwango hicho cha chini upige hesabu. Mkoani Njombe, Tanzania, ambako maambukizi kwa watu wazima yanapita asilimia 10, tuseme 120 kati ya watu 1000 wana VVU: watanaswa 119, watasingiziwa 18. Zanzibar, ambako hayafiki asilimia 1, tuseme wenye VVU ni 5: watanaswa wote, lakini watasingiziwa 20. Kitepe ni kilekile, ila Zanzibar wanne kati ya kila watano walioonekana chanya hawana VVU.

Ndiyo maana tangu 2019 shirika hilo linashauri vipimo vitatu vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Wanaopinga wana hoja: vitepe ni gharama, huisha stoo, na aliyeachwa kwenye benchi anaweza kuondoka asirudi. Kwa Njombe, viwili vingekaribia kutosha. Lakini anayesingiziwa huanzishiwa dawa za maisha, na ndoa huvunjika kwa karatasi ya jibu hilo. Kwangu, kitepe cha tatu kibaki.

Kinachoniuma zaidi ni jibu la hasi. Kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana, hata miezi mitatu, wakati virusi vimejaa mwilini na vinaambukiza kwa urahisi. Hapo kitepe cha tatu hakisaidii, kwa sababu cha kwanza kikisema hasi, vingine havifunguliwi. Kinachosaidia ni mshauri kuuliza, "Mara ya mwisho kujamiiana bila kinga ilikuwa lini?", kisha kumwandikia tarehe ya kurudi kabla hajainuka kwenye kiti.